Imanueli wa Barabara ya Stone

Usharika ulionilea unaitwa Imanueli. Jina hilo nililiona juu ya mlango wa kanisa tangu sijajua kusoma. Kwa hiyo nilipolikuta katika mji wa Tucson, jimbo la Arizona, Marekani, nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani wa kwao kwenye stendi ya mabasi ya mbali.

Nilikuwa nimealikwa na usharika mmoja wa Kilutheri wa mji huo kwa miezi mitatu, katika mpango wa kubadilishana wachungaji. Siku moja ya wiki nilitembea peke yangu kusini kwa Barabara ya Stone. Nilipita Kanisa Kuu la Mtakatifu Agostino la Wakatoliki, nikaendelea mbele kidogo kwenye jua ambalo wenyeji wenyewe hulikimbia, hadi nikafika kwenye jengo dogo lenye madirisha ya upinde na vioo vya rangi. Maelezo yaliyokuwepo yalitaja jina: Emanu-El. Nikajisemea, kumbe na ndugu wanaabudu hapa. Nikavua kofia, nikaingia.

Halikuwa kanisa. Lilikuwa sinagogi la kwanza kujengwa katika nchi yote ya Arizona, na sasa ni makumbusho ya Wayahudi wa mji ule. Mama mmoja wa makamo ya bibi yangu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, aliniambia kwa upole kwamba pale kofia ingekuwa afadhali niivae. Nikairudisha kichwani. Hivyo ndivyo tulivyofahamiana.

Alinitembeza kwa zaidi ya saa moja, na sikuwa nimelipia hata robo ya muda ule. Aliyonisimulia nayaandika kwa kirefu kidogo, kwa sababu sisi tuliosoma theolojia tunawajua Wayahudi wa Agano la Kale na wale wa siku za Bwana Yesu, halafu tunaruka hadi magazeti ya leo, kana kwamba katikati hawakuishi popote wala hawakuuza unga kwa mtu yeyote.

Tucson ilianza kama ngome ya Wahispania mwaka 1775. Ikawa ya Mexico, kisha Marekani ikainunua pamoja na eneo zima la kusini mwa Arizona mwaka 1854. Wayahudi wa kwanza walifika katika miaka iliyofuata, wengi wao vijana kutoka Ujerumani na Poland, wasio na wake, waliokuja na biashara ya kubeba mgongoni au kwa gari la kukokotwa na nyumbu. Philip Drachman alikuwa mmoja wao. Ndugu wa ukoo wa Zeckendorf walipitia Santa Fe kwanza, wakafungua duka lililokuja kuwa kubwa kuliko mengi, na mpwa wao Albert Steinfeld akalikuza zaidi. Waliuza nguo, viatu, nafaka na sukari. Mteja wao mkubwa lilikuwa jeshi.

Hapo yule mama alisimama. Akasema, bila mimi kumwuliza, kwamba jeshi lile lilikuwa likipigana na Waapache katika nchi yao wenyewe Waapache, na kwamba mahindi ya farasi wa askari yalitoka kwenye maghala ya watu wake. "Hili huwa nalisema kwa kila mgeni," akasema, "maana nisipolisema mimi, picha hizi zote ukutani ni uongo." Kisha akaendelea na habari nyingine. Mimi nilibaki nyuma hatua mbili, nikifikiri ni mara ngapi nimewasimulia wageni historia ya kanisa letu, na ni mara ngapi nimesimama mahali kama pale.

Kulikuwa na habari za kufurahisha pia. Mwaka 1868 huyo Drachman alikwenda mpaka New York kumwoa Rosa Katzenstein, akamrudisha kwa meli kupitia Panama hadi California, kisha kwa gari la farasi kuvuka jangwa. Nilimwambia mama yule kwamba kwetu, posa ya umbali wa namna hiyo ingehitaji wazee wenye viatu imara. Mwaka 1883 watu wa Tucson walimchagua Charles Strauss, Myahudi, kuwa meya wao. Miaka miwili baadaye bunge la Arizona liliugawia mji huo chuo kikuu, na watu wakakasirika. Walitaka makao makuu ya serikali, au hata hospitali ya wagonjwa wa akili, maana vitu hivyo vilikuwa na fedha zaidi. Chuo kikuu kilikuwa cha nini jangwani? Waliokipigania walikuwa wachache, na miongoni mwao alikuwamo mwanasheria kijana Myahudi aliyeitwa Selim Franklin. Jacob Mansfeld, mwenye duka la vitabu, akatafuta kiwanja. Aliwashawishi wacheza kamari wawili na mwenye baa mmoja, wakatoa ekari 40. Chuo kikafunguliwa mwaka 1891 na kipo mpaka leo, kwenye ardhi ya kamari na pombe. Nimelitumia jambo hili mara mbili katika vikao vya ujenzi, pale wazee wanapobishana kama tupokee mchango wa mtu fulani. Halijawahi kumaliza ubishi, lakini hupunguza ukali.

Mwaka 1880 reli ilifika, bidhaa zikawa rahisi, na wengi waliotajirika kwa misafara ya magari ya nyumbu wakaanguka. Familia kadhaa za Kiyahudi zikahama. Waliobaki walikuwa wachache. Na miaka yote hiyo, karibu nusu karne, hawakuwa na sinagogi. Walisali majumbani na katika kumbi za kukodi. Sheria yao ya zamani hudai wanaume kumi ili sala fulani zisaliwe kwa pamoja, na katika mji kama ule kupata kumi lilikuwa jambo la kwenda kubisha hodi dukani kwa mtu na kumwomba afunge mapema.

Waliobadilisha mambo walikuwa akina mama. Mwaka 1905 walianzisha chama chao cha kusaidiana na kutenda mema, kikiongozwa na Therese Ferrin, mwanamke aliyejulikana mjini kwa kuwauguza wagonjwa kwa dawa za mimea, wagonjwa wa kila dini. Chama hicho ndicho kilichosukuma ujenzi. Jioni ya tarehe 3 Oktoba 1910, mwaka mpya wa Kiyahudi ulipokuwa unaingia, walisali kwa mara ya kwanza ndani ya kuta zao. Arizona yenyewe ilikuwa haijawa jimbo kamili; hilo lilikuja mwaka 1912.

Ndugu msomaji ambaye umewahi kuwa katika kamati ya ujenzi utanielewa nikisema hapo nilimwona Therese Ferrin kabisa. Amevaa kitenge cha Umoja wa Wanawake, ana daftari la michango, na anamwambia mwinjilisti kwamba mabati yatanunuliwa mwezi huu, si ujao. Nilimweleza mama wa makumbusho jinsi tunavyofanya mnada baada ya ibada, kuku na mikungu ya ndizi na mayai, na jinsi yai moja linavyoweza kununuliwa mara saba na kurudishwa mara saba ili liuzwe tena. Alicheka mpaka akakaa. Akaniambia kwamba katika jimbo jirani, mjini Albuquerque, Wayahudi walipoanzisha jumuiya yao mwaka 1897 walinadi jina lenyewe. Aliyetoa zaidi alipewa haki ya kulichagua, akachagua jina la baba yake, na ndiyo maana jumuiya hiyo inaitwa Albert mpaka leo.

Nilikuwa na mtaa mmoja nyumbani uliokuwa ukisali chini ya mwembe kwa mwaka wa saba. Zaidi ya mara moja nilikuwa nimewaambia, kwa maneno ya kuwahimiza wachange, kwamba wasipokuwa na paa watu hawatawahesabu kuwa kanisa. Nilipata aibu nikiwa nimesimama kwenye sakafu ile.

Basi tulikuwa tumefika kwenye hali hiyo ya urafiki, tumecheka pamoja, ndipo aliponiuliza mimi ni mchungaji wa kanisa gani.

"Lutheri," nikasema, kwa fahari kidogo.

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Kitabu chake cha mwaka 1543 mnakifanyaje?"

Nilijua anauliza nini. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba Luther uzeeni aliandika kwa ukali dhidi ya Wayahudi, kama alivyoandika kwa ukali dhidi ya Papa, dhidi ya wakulima na dhidi ya karibu kila mtu. Ilikuwa sentensi moja kati ya maelezo ya muhula mzima, na kwenye mtihani haikutoka. Nikamwambia ukweli: "Sijakisoma."

"Mimi nimekisoma," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alinionyesha mlango wa pili, panapoelezwa habari za mauaji ya Wayahudi barani Ulaya, akasema nikipenda naweza kuingia. Siku hiyo sikuingia.

Mchungaji mwenyeji wangu alikuwa na maandiko ya Luther kwa Kiingereza rafu nzima. Kitabu hicho kimo katika juzuu ya 47. Nilikisoma kwa usiku mbili, na naomba washarika wanivumilie nikisema kilichomo, kwa sababu kwa Kiswahili sijawahi kukiona kimeelezwa kanisani. Luther anawapa watawala mashauri saba. Masinagogi yachomwe moto. Nyumba za Wayahudi zibomolewe. Wanyang'anywe vitabu vyao vya sala. Walimu wao wakatazwe kufundisha. Wasipewe ulinzi wanaposafiri barabarani. Fedha zao zichukuliwe. Vijana wao wapewe shoka na jembe wafanye kazi za suluba. Huyu ni yule yule aliyeandika, mwaka 1523, kuwakumbusha Wakristo kwamba Yesu Kristo alizaliwa Myahudi na kwamba watu wa taifa lake wanastahili kutendewa kwa wema. Ni yule yule aliyetupa Katekisimo Ndogo, ambayo mama yangu aliijua kwa moyo ingawa kuandika kulimshinda.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 masinagogi ya Ujerumani yalichomwa moto. Tarehe 10 Novemba ndiyo siku aliyozaliwa Luther. Askofu mmoja wa Kilutheri wa Thuringia, Martin Sasse, aliona sadfa hiyo, na badala ya kulia alichapisha kijitabu cha kushangilia, chenye maneno ya Luther ndani yake.

Shauri la kwanza ndilo lililonikaa. Nilirudi Barabara ya Stone baada ya siku tatu, nikakaa kwenye benchi ndani ya jengo lile la akina mama, nikatazama dari. Mtu asiyejua angedhani nasali. Nilikuwa nikifikiri kwamba shauri lile lilihusu hili hili. Lilihusu chumba ambacho watu wamechangishana miaka mitano ili wapate mahali pa kusimama mbele za Mungu, wakakiita Imanueli.

Safari hii niliingia mlango wa pili. Nilipotoka nilimtafuta yule mama, nikaanza kumwomba radhi kwa niaba ya kanisa langu. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri. Alinikatisha. Akasema kwamba katika mafundisho yao, kosa la mtu kwa mtu husamehewa na yule aliyekosewa, na waliokosewa wamekufa, kwa hiyo yeye hana cha kunipa. "Unafundisha watoto?" akauliza. Nikasema ndiyo, kipaimara. Akasema, "Basi," akarudi kwenye kiti chake.

Nimesikia watu wakisema mambo ya Luther na Wayahudi ni mzigo wa Wazungu. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walileta katekisimo, nyimbo na shule. Kitabu cha 1543 hawakukileta. Nilitamani hoja hiyo initoshe. Lakini kutoletewa kitabu si sawa na kutorithi mawazo. Mimi mwenyewe nimehubiri Ijumaa Kuu kumi na moja mfululizo nikisema "Wayahudi walimwua Bwana," kana kwamba mama yake Bwana, na Petro, na Bwana mwenyewe walikuwa Wachaga. Neno Farisayo nimelitumia kama tusi kwa mtu yeyote aliyenibana kwenye kikao. Na siku hizi wapo washarika wetu wanaobandika bendera ya Israeli kwenye kioo cha gari na wakati huo huo wanasema Wayahudi wamelaaniwa. Nimewahi kuyasikia yote mawili kinywani mwa mtu mmoja kabla chai haijapoa. Hajawahi kukaa na Myahudi hata mmoja, wa kumpenda wala wa kumlaani.

Wala siwezi kusema kanisa limenyamaza. Mwaka 1983 huko Stockholm wajumbe wa Kilutheri walikutana na wajumbe wa Kiyahudi, wakakiri kwamba maneno yale ya Luther ni dhambi na hayawezi kutetewa. Wakati huo rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani alikuwa Askofu wetu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa kwenye mkutano mkuu uliofanyika hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1977. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani lilitoa tamko lake la kuyakataa maneno hayo. Maneno ya kutubu yapo, tena yaliandikwa mtu wetu akiwa kitini. Hayajafika kwenye mtaa wa chini ya mwembe, na mpelekaji barua ni mimi.

Nilirudi nyumbani, nikalisema. Sikulisema mimbarani kwanza, niliogopa; nililisema katika baraza la wazee. Mzee mmoja, aliyenitangulia katika imani kwa miaka thelathini na ambaye ndiye msomaji wetu wa masomo katika sikukuu zote kubwa, aliniuliza swali ambalo bado linanisumbua. "Mchungaji, kama Luther alikosea hapo, nani atatuambia ni wapi alikuwa sahihi?"

Nilimjibu kwamba Luther mwenyewe, kule Leipzig mwaka 1519, alishikilia kuwa hata mitaguso ya kanisa inaweza kukosea, na kwamba kila mwalimu hupimwa kwa Neno. Basi na yeye tumpime hivyo hivyo. Kwa kitabu cha 1543 amepungua, na waraka wa Paulo kwa Warumi, ambao Luther aliupenda kuliko wengi, ndio unaomhukumu, hasa ile sura ya kumi na moja ya mzeituni na matawi yaliyopandikizwa.

"Hilo ni jibu la darasani, Baba Mchungaji," mzee akasema. Na ni kweli. Watu hawakupokea uhakika wao kutoka kwenye mtaguso. Waliupokea kutoka kwa watu waliowaamini, na ukimgusa mmoja wa watu hao, kila kitu kinatikisika. Mimi mwenyewe kilinitikisika. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nikifika kwenye maelezo ya amri ya tano, pale tunapofundishwa kutomdhuru jirani mwilini mwake bali kumsaidia, nikahisi sauti ya mwandishi imegawanyika masikioni mwangu. Sikuacha kuyafundisha. Ni kweli yale maelezo, na aliyeyaandika hakuyatii. Bado sijapata namna ya kuyasema mambo haya mawili kwa pumzi moja mbele ya watoto wa miaka kumi na minne, lakini nayasema, moja baada ya jingine.

Darasani niliandika ubaoni jina la usharika wetu kwa herufi za Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto. Nikawaambia lilikuwa jina lao kabla halijawa letu, na nikawasimulia habari za akina mama wa Tucson. Binti mmoja aliuliza kama walimaliza deni la ujenzi. Sikujua la kumjibu.

Mzee wangu hakuzungumza nami juu ya jambo hili kwa muda mrefu. Siku moja alikuja ofisini, akaomba "hayo makaratasi." Nilikuwa nimeyatafsiri yale mashauri saba kwa mkono, kurasa nne, pamoja na yale maneno ya Stockholm kwa kifupi. Alikaa nayo majuma matatu. Aliyarudisha yamefungwa kwenye gazeti, akayaweka mezani, akauliza habari za mbolea, akaondoka.

Ijumaa Kuu iliyofuata alisoma mateso kwa Yohana, kama kila mwaka, kwa sauti ile ile nzito ambayo watoto wetu huiigiza nyuma ya kanisa. Alipofika mahali panapotajwa Wayahudi kwa mara ya kwanza alinyamaza. Kanisa zima lilidhani amepoteza mstari, na mwinjilisti akainuka nusu ili amwonyeshe. Mzee akampungia mkono akae. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena, akaendelea kusoma.